Kungoja Kutoboa: Kipimo cha Maisha na Afya ya Akili ya Vijana

Katika miji ya Afrika Mashariki, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Mwanza na Nairobi, wazee wengi wanaposikia kijana aliyesoma, mwenye afya ya mwili na simu mkononi, akilalamika kwamba amechoka na maisha, huwa na jibu moja lililo tayari: kizazi chao kilikula mlo mmoja kwa siku, kikatembea kwa miguu hadi shuleni, kikalala chini, na bado hakikuyajua haya mambo ya msongo wa mawazo. Jibu hilo lina ukweli wake kuhusu dhiki ya zamani, lakini linakosea kuhusu chanzo cha taabu ya sasa, kwa kuwa linachukulia kwamba utulivu wa nafsi hutegemea wingi wa vitu alivyo navyo mtu, ilhali kwa kiasi kikubwa hutegemea umbali uliopo kati ya alivyo navyo na vile alivyoaminishwa kwamba mtu wa umri wake anapaswa kuwa navyo. Hoja ya makala haya ni kwamba umbali huo umepanuliwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja: kipimo cha maisha mazuri kimepandishwa juu ya upeo wa macho ya mtaa, na milango ya kuingilia utu uzima imesogezwa mbele. Ushauri wowote usiogusa pande hizo mbili huishia kuwa mahubiri, na vijana wa leo mahubiri wanayo ya kutosha.

Istilahi kadhaa zinahitaji kuwekwa wazi kwanza, maana katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Afya ya akili, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, ni hali ya ustawi wa akili inayomwezesha mtu kuhimili misukosuko ya maisha, kutambua uwezo wake, kujifunza na kufanya kazi vyema, na kuwa na mchango katika jamii yake; kwa hiyo si habari ya wale tu wanaookota makopo barabarani, taswira ambayo ndiyo humjia mtu anaposikia maneno hayo na ambayo huwafanya vijana wengi waone aibu hata kuulizia huduma. Msongo wa mawazo ni mwitikio wa mwili na akili pale mzigo unapozidi uwezo, nao kwa kawaida hupungua mzigo unapopungua. Sonona ni ugonjwa: mtu hugubikwa na huzuni au hukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, huku usingizi, ulaji, nguvu na umakini vikivurugika na mwenyewe akijiona hana thamani. Kando yake upo ugonjwa wa wasiwasi, yaani hofu isiyolingana na kinachoogopwa, inayodumu kwa muda mrefu na kumzuia mtu kufanya shughuli zake. Shirika hilo linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani ana tatizo la afya ya akili, na tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba magonjwa mengi ya aina hii huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 25. Ujana, kwa hiyo, si kipindi ambacho akili ina kinga kwa sababu damu inachemka. Ni kipindi ambacho magonjwa haya hupenda kujitokeza.

Kutoridhika na maisha ni jambo jingine, na kulichanganya na ugonjwa huzaa makosa mawili yanayoumiza kwa namna tofauti. Kijana asiye na kazi, ambaye akipata kazi leo atalala vizuri usiku, haponyeki kwa vidonge. Na kijana mwenye sonona, ambaye amepata kazi, mchumba na pongezi za ukoo mzima lakini asubuhi hawezi kuinuka kitandani, haponyeki kwa kukumbushwa neema alizo nazo. Kosa la pili ndilo lililoenea zaidi Afrika Mashariki. Nchini Kenya msemo wa "jikaze kisabuni" umekuwa karibu dawa ya kila ugonjwa usioonekana, na Tanzania nako mgonjwa huambiwa anadeka, ana mapepo, au amerogwa na ndugu wa upande wa baba. Hatua ya kwanza ya busara ni kipimo kile cha wiki mbili: hali ikidumu zaidi ya hapo, na ikiwa imeanza kuharibu kazi, masomo au usafi wa mwili, basi kijana anapaswa kumwona mtaalamu wa afya kama ambavyo angekwenda kupima malaria, na mengine yote yanayoshauriwa hapa yawe nyongeza ya tiba wala yasiwe mbadala wake.

Kuhusu kipimo cha maisha, mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alitoa nadharia ya ulinganisho wa kijamii, inayoeleza kwamba mtu akikosa njia ya wazi ya kujua kama anafanya vyema, hujipima kwa watu wengine, hasa wale anaowaona kuwa wa daraja lake. Kijana wa Singida au Kitui wa miaka ya 1970 alijipima kwa rika lake la karibu, ambalo lilikuwa dogo na lililojuana kwa undani; alijua ni nani ana ng'ombe wengi, lakini alijua pia kwamba nyumbani kwa mwenye ng'ombe hao kuna mgonjwa wa miaka na ndugu wasioelewana. Televisheni yenyewe ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994, na hata ilipoingia, matajiri wake walikuwa watu wa mbali ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wenzake. Siku hizi wenzake kijana ni kila mtu wa umri wake anayetokea kwenye kioo cha simu, naye hutokea akiwa amechujwa: picha bora kati ya nyingi zilizopigwa, gari ambalo huenda ni la kuazima, safari ya siku mbili iliyogawanywa ili ionekane ya mwezi mzima, na mfumo wa kompyuta unaopanga kipi kitangulie hutanguliza kile ambacho kimewafanya wengi wasite na kutazama. Vijana wengi wanafahamu vizuri kwamba picha hizo zimepikwa, wala si uongo wake unaowaumiza zaidi. Kinachoumiza ni kukosekana kwa ile nusu ya pili ya habari, yaani mgonjwa wa nyumbani na ndugu wasioelewana, nusu ambayo mtaa wa zamani uliitoa bure na ambayo ndiyo iliyofanya kujilinganisha kuvumilike.

Ushahidi wa karibu wa jambo hili unatoka Rarieda, magharibi mwa Kenya, ambako kati ya mwaka 2011 na 2013 watafiti walifuatilia kaya maskini zilizopewa fedha taslimu bila masharti na shirika la GiveDirectly. Kaya zilizostahili zilitambuliwa kwa nyumba zilizoezekwa nyasi, na sehemu ya kuonekana kabisa ya fedha hizo iliishia kwenye mabati. Waliopokea waliripoti nafuu ya nafsi, na hilo peke yake linatosha kumnyamazisha anayedai kwamba fedha haina uhusiano wowote na utulivu wa moyo, kwani ufukara huumiza akili moja kwa moja. Hata hivyo, Johannes Haushofer na wenzake walipowachunguza majirani, waliona kwamba kadiri wengine kijijini walivyopata, kuridhika na maisha kwa wale ambao hawakupokea kitu kulishuka, ingawa hakuna aliyewanyang'anya hata shilingi, na kwamba mshuko huo ulififia kadiri miezi ilivyopita. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa mada iliyopo. Jirani wa Rarieda alilizoea bati la jirani kwa sababu lilibaki kuwa bati lile lile, likapata kutu na vumbi mbele ya macho yake. Kijana mwenye simu huonyeshwa bati jipya kila anapotelezesha kidole, kwa hiyo ile nafuu inayoletwa na mazoea haimfikii kamwe.

Haifai, hata hivyo, kuifanya simu kuwa shetani wa kila kitu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana: mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za vijana wa Marekani na Uingereza wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi kati ya kijana mmoja na mwingine, huku Jonathan Haidt, katika kitabu chake cha mwaka 2024 kiitwacho The Anxious Generation, akishikilia kwamba simu janja ndizo zilizovuruga utoto wa kizazi kizima. Katika jaribio lililofanyika Marekani mwaka 2018, watu waliolipwa ili wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne walipata nafuu, lakini nafuu ndogo. Hukumu ya wastani ni kwamba kinachofaa kuchunguzwa ni simu inachukua nafasi ya nini na inatumiwaje. Kijana anayeitumia kuongea na dada yake aliyeko Muscat, kupokea oda za nguo au kujifunza ufundi hana sababu ya kuitupa. Yule anayeishika saa sita usiku na kuiweka saa tisa, akitazama maisha ya watu asiowajua, ana sababu. Kwa huyo, marekebisho machache yana faida kubwa kuliko kiapo cha kuacha mitandao ambacho huvunjwa baada ya siku tatu: simu ilale nje ya chandarua, na saa ya kengele ya bei nafuu ishike kazi ya kumwamsha, milio ya taarifa izimwe isipokuwa ya simu zinazopigwa na ujumbe wa watu wa karibu, na kurasa zinazomwacha kila mara akijiona hafai aache kuzifuata, hata kama ni za rafiki. Zaidi ya yote, ile nusu ya habari iliyokosekana itafutwe kwa makusudi. Anayevutiwa na wakala wa fedha au muuza mitumba aliyefanikiwa amtafute mtu wa kazi hiyo hiyo mtaani kwake, amuulize mtaji ulikuwa kiasi gani, hasara ya mwaka wa kwanza ilikuwa ipi, na nani alimshika mkono. Majibu hayo hupunguza wivu na, jambo lisilotarajiwa na wengi, huongeza ari.

Upande wa pili wa umbali ule ni milango ya utu uzima. Mwanaanthropolojia wa Msumbiji Alcinda Honwana, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu vijana wa Afrika, alikieleza kipindi cha kungoja ambamo mtu ameshatoka utotoni lakini hana nyenzo za kuhesabiwa kuwa mtu mzima, yaani kazi yenye kipato, makazi yake na uwezo wa kuoa, kuolewa au kulea. Kenya ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikafuta ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016. Hatua hizo zilikuwa za haki na zimefungua madarasa kwa mamilioni, lakini ahadi ambayo kila mzazi aliambatanisha na cheti, ya kazi ya ofisini na mshahara wa mwisho wa mwezi, haikuongezeka kwa kasi ya vyeti. Matokeo yake ni kundi kubwa la watu waliosoma wanaoishi katika chumba cha nyumba ya wazazi, au vijiweni, wakingoja "kutoboa", yaani kufanikiwa. Msamiati huo unastahili kusikilizwa na wazazi, kwa kuwa anayetoboa hutoka upande mmoja hadi mwingine kwa pigo moja, na kijana anayeamini kwamba maisha hufunguka kwa pigo moja huona kila hatua ndogo kuwa si kitu.

Aibu ya kungoja haitangazwi, hujitokeza katika mambo madogo. Mfano mzuri ni makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi, ambamo mweka hazina huweka kila jioni orodha ya majina, safu ya ahadi na safu ya kilichotolewa. Kijana ambaye mwenzake wa darasa moja anaoa hulitazama jina lake likiwa na ahadi ya laki moja aliyoiandika kwa kuogopa kuonekana na kistari mbele yake, siku ishirini mfululizo, mbele ya watu mia moja na themanini, baadhi yao wakiwa shangazi zake. Wapo wanaojitoa kwenye kundi kimyakimya, kisha wanaacha kupokea simu za bwana harusi, na hatimaye wanampoteza rafiki ambaye pengine asingejali mchango ule hata kidogo. Njia yenye heshima ni kutoa ahadi inayolipika tangu mwanzo, au kumpigia mhusika na kumweleza kwamba mchango utakuwa wa kazi, kama kupanga viti, kusimamia vinywaji au kusafirisha wageni, na katika sherehe za Kiswahili nguvu za namna hiyo hazijawahi kukataliwa. Kujitenga ndiko kunakogharimu zaidi, kwa sababu upweke ni mlango mpana wa sonona na pia kwa sababu kazi nyingi za mijini hupatikana kwa mtu kumtaja mtu.

Kwa kijana aliye katika kungoja, ushauri wa "tafuta chochote ufanye" ni wa kweli lakini mkavu. Ulio bora zaidi ni kuigawa kesho kubwa katika kazi za wiki, kila moja ikiwa na mwisho unaoonekana: kutuma maombi mahali fulani kabla ya Ijumaa, kujifunza kushona zipu, kupata wateja watano wa juisi, kumfundisha mtoto wa jirani hesabu. Kutafuta kazi ya fani kusiachwe, ila kupangiwe siku na saa, na saa zinazobaki zijazwe na kazi yenye jasho na malipo hata madogo, maana kinachoiumiza zaidi akili ya asiye na ajira ni siku zisizo na umbo kuliko mfuko mtupu. Mzazi ana nafasi yake hapa. Mtoto wa miaka 26 asiye na kipato akipewa sauti katika mambo ya nyumbani, akakabidhiwa usimamizi wa ujenzi wa choo, matibabu ya bibi au ada za wadogo zake, anavuka mlango mmoja wa utu uzima bila kusubiri mshahara. Akihesabiwa mtoto mpaka siku ya barua ya ajira, barua ikichelewa miaka sita atakuwa mtoto kwa miaka sita.

Pengo kati ya kipimo na uwezo lina wafanyabiashara wake, nao wamefika mpaka kwenye simu. Kampuni za kubashiri matokeo ya michezo huuza njia ya mkato, na "mkeka", yaani tiketi moja ya kubashiri mechi nyingi, wa mechi kumi na mbili unaoharibiwa na goli la dakika ya 89 humwachia mchezaji hisia kwamba alikaribia kushinda, ilhali kihesabu kukosa kwa goli moja na kukosa kwa magoli sita ni kukosa kule kule. Wanasaikolojia wameonyesha kwamba kukosa kwa karibu humchochea mcheza kamari aendelee, na ndiyo maana mikeka mirefu hupendwa na wanaoiuza. Mikopo ya simu nayo, iliyoanza kwa sura njema kama M-Shwari ya Kenya mwaka 2012, imezaa ndugu zake wabaya, zile programu zinazotoza riba ya wiki moja inayolingana na ya mwaka mzima ya benki, ambazo Watanzania wameziita "kausha damu". Baadhi yake hujipa ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, kisha humtumia ujumbe wa kumwaibisha kwa bosi, mkwe na mchungaji. Kenya ilipiga marufuku mwenendo huo katika kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022, na Benki Kuu ya Tanzania mwezi Novemba 2024 ilichapisha orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni wasio na leseni.

Deni la aina hii huathiri akili moja kwa moja, kwa kuwa kila mlio wa simu hugeuka tishio. Anayedaiwa anashauriwa kuandika kwenye karatasi moja kila mkopo, riba yake na tarehe yake, kazi ambayo wengi huikwepa kwa miezi kwa hofu ya jumla yake. Kisha aache kabisa kulipa mkopo kwa mkopo, amwambie mtu mmoja anayemwamini ukweli wote, aanze kumaliza ule wenye riba kali zaidi, na wale walio katika orodha yake ya simu awaarifu mwenyewe kwamba huenda wakapokea ujumbe wa matusi, maana tishio likishatangazwa na mtishiwa hupoteza makali yake. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtaani, vicoba kwa Tanzania na chama kwa Kenya, vina usumbufu wa vikao, lakini anayekopesha anamjua mkopaji kwa sura. Kuhusu kubashiri, mtu aliyekwisha kuficha kiasi anachocheza hahitaji ushauri wa kucheza kwa kiasi. Anahitaji kuacha, kufunga akaunti, na kumkabidhi mwingine usimamizi wa fedha zake kwa muda.

Mwili unatajwa kwa ufupi, si kwa sababu ni mdogo bali kwa sababu hauna fumbo. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri baada ya kuwalaza saa tano usiku zinawanyima kitu ambacho hakuna semina ya motisha itakayokirudisha. Mazoezi ya viungo, hata kutembea haraka au mpira wa jioni, yamethibitika kupunguza dalili za sonona. Pombe kali za bei rahisi na bangi hutuliza usiku mmoja na kuuharibu mwezi.

Kuna habari njema ambayo haijasikika vya kutosha, nayo ni kwamba msaada wa kisaikolojia wenye ubora unaweza kutolewa na watu wasio madaktari. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, utaratibu wa kuwafunza akina bibi wa jamii kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye sonona na wasiwasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida, na utaratibu huo umefika hadi Zanzibar. Wanachofanya bibi hao si kutoa nasaha nyingi. Mgeni huulizwa ataje matatizo yake yote, hata kama ni tisa. Huombwa achague moja, ambalo si lazima liwe kubwa. Wote wawili hutafuta njia zinazowezekana za kulikabili. Mgeni mwenyewe huchagua njia na kupanga lini ataanza. Kisha hurudi kueleza kilichotokea. Nchini Kenya, Taasisi ya Shamiri imewatumia vijana waliotoka tu sekondari kuendesha vikao vinne kwa wanafunzi wa Nairobi, vikihusu imani kwamba mtu hubadilika, shukrani, na mambo anayoyathamini, na utafiti wao wa mwaka 2021 uliohusisha wanafunzi 413 ulionyesha kupungua kwa sonona na wasiwasi kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma.

Mambo mawili yanafuata kutokana na kazi hizo. Kwanza, mzazi, shangazi, imamu, mchungaji au kiongozi wa kikundi cha vijana anaweza kuazima utaratibu wa benchi lile bila cheti chochote, alimradi ajizuie kutoa suluhisho kabla ya kuombwa, jambo ambalo kwa wazee wa Kiafrika ni gumu kuliko linavyosikika. Pili, dua na ibada, ambazo kwa vijana wengi wa pwani na bara ni nguzo ya kweli ya subira na ukinaifu, hazishindani na zahanati. Kiongozi wa dini anayemwombea mgonjwa na kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo amefanya kazi yake yote, na anayemwambia aache dawa kwa sababu amepona kwa imani amemweka hatarini. Dawa za sonona huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki kadhaa, hazileti uraibu kama wa pombe, na hazipaswi kukatizwa ghafla bila ushauri wa aliyeziandika. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako mgonjwa anaweza kuonwa au kupewa rufaa; hospitali za magonjwa ya akili, Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi, ni za hali zilizozidi uwezo wa huko.

Hali moja haingojei wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29, na dalili zake mara nyingi husikika kabla: kijana kusema kwamba ni mzigo kwa wenzake, kugawa vitu vyake, kuaga bila safari, au kutulia ghafla baada ya kipindi kirefu cha taabu. Anayehofia jambo hilo amuulize wazi kama anafikiria kujiua, maana utafiti haujaonyesha kwamba swali hilo humpa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Asiachwe peke yake, dawa za shambani na za hospitali zifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwa walio chini ya miaka 18 simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116 Tanzania na Kenya, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za watu wa umri wowote kwa namba 1199. Hofu ya polisi imewazuia wengi kutafuta msaada, kwa kuwa sheria za kikoloni zililifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka wodini ndizo za kuangaliwa zaidi, hivyo kabla mgonjwa hajatoka familia ikubaliane nani atalala naye chumba kimoja, nani atashika dawa, na nani atamsindikiza siku ya kurudi kliniki.